Duka la Vitabu la Lisbon na Daftari la Babu

Mhariri wa kitabu chetu cha mwaka ameniomba niandike habari za safari yangu ya Ureno. Nilimwambia kuwa mimi si mtembezi, na kwamba wamo vijana katika jamaa zetu waliokwenda mbali kuliko mimi na kuona mengi zaidi. Akanijibu, "Maalim, andika lile moja tu ulilotusimulia siku ya arusi." Basi naandika hilo moja. Ni habari ya duka la vitabu, na ndani yake mna aibu yangu mwenyewe ambayo kwa miaka mingi sikupenda kuitaja.

Mwezi wa Julai 2023, skuli zikiwa zimefungwa, binti yangu alikuwa na mkutano wa kazi katika mji wa Lisbon. Akaniambia, "Baba, tangu ustaafu hujatoka Maskati. Twende pamoja, uniangalizie mwanangu nitakapokuwa mkutanoni." Mjukuu wangu huyo alikuwa na miaka 13. Kiarabu chake ni safi, na Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu niliyekisomesha miaka 30. Kiswahili anakisikia lakini hakijibu. Ukimwambia, "Niletee maji," maji yatakuja, ila yatakuja pamoja na neno la Kiarabu. Najua wengi wenu mnaosoma haya mnao wa namna hiyo majumbani mwenu.

Kwa watu wa kwetu Ureno si nchi ngeni kabisa. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwezi wa Aprili 1498, na waliomfuata wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Huku Maskati nako walikaa karibu miaka 140, hata Imam Sultan bin Saif alipowatoa mwaka 1650. Mwaka 1698 Waomani wakaiteka na ile ngome ya Mombasa. Kila tupitapo Maskati ya zamani tunaziona ngome za Jalali na Mirani juu ya majabali, nazo zina mkono wa Mreno ndani yake. Haya nilimweleza mjukuu wangu ndani ya ndege. Alinisikiliza kwa adabu, kama vijana wanavyowasikiliza wazee, sikio moja kwangu na jingine kwenye simu yake.

Kilichomwamsha ni chakula. Asubuhi ya kwanza mtumishi wa hoteli alituonyesha mahali pa kukaa akasema "mesa". Kijana akanigeukia, macho yamemtoka. "Babu, amesema meza!" Nikamwambia, ndiyo, neno ni lao, sisi tulilichukua tukalifanya letu. Na si hilo tu. Leso ni yao, bendera ni yao, foronya ya mto unaoulalia ni yao. Karata tunazocheza barazani, shupaza, kopa, uru na pau, zote majina yake yametoka kwao. Hata gereza asili yake ni neno lao la kanisa, na wenye kuijua Ngome ya Yesu hawatastaajabu sana neno hilo lilivyobadilika maana. Na kasha, lile tunalowekea nguo na hati za nyumba, nalo ni lao.

Nilipolitaja kasha nikanyamaza. Sababu yake mtaiona mbele.

Siku ya tatu, binti yangu akiwa mkutanoni, tulipanda mimi na kijana mpaka mtaa wa Chiado. Lisbon ni mji wa vilima, na mwenye magoti kama yangu hapandi bila kupumzika. Tulipumzika karibu na kanisa la Carmo. Kanisa hilo halina paa. Nguzo zake na matao yake yamesimama wazi chini ya mbingu, kama mbavu za jahazi lililopandishwa pwani likasahauliwa. Kijana akauliza kwa nini halikuezekwa. Nikamsimulia habari ya tarehe 1 Novemba 1755, siku ya sikukuu yao ya Watakatifu Wote. Asubuhi ile ardhi ilitetemeka watu wakiwa makanisani. Kisha bahari ikapanda ikaingia mjini, kisha moto ukawaka siku baada ya siku. Watu walikufa maelfu kwa maelfu, na maktaba ya mfalme ikateketea pamoja na jumba lake. Mji wa chini ulijengwa upya kwa njia zilizonyooka kama mistari ya daftari, lakini kanisa hili likaachwa magofu, na magofu limebaki hata leo.

Kutoka hapo si mbali kufika mtaa uitwao Rua Garrett, na humo limo duka tulilolikusudia. Jina lake ni Livraria Bertrand. Mlango wake si mkubwa, na ukuta wa nje umevaa vigae vya buluu na vyeupe kama nyumba nyingi za huko. Lina cheti kwamba ndilo duka la vitabu la zamani kuliko yote duniani ambalo bado linafanya kazi. Lilifunguliwa mwaka 1732 na Mfaransa aliyejulikana kwa jina la Pedro Faure. Baadaye ndugu wa ukoo wa Bertrand, nao Wafaransa, wakaingia katika biashara hiyo, na jina lao ndilo lililodumu.

Yataka tuipime miaka hiyo kwa kipimo chetu. Mwaka 1732 Sayyid Said bin Sultan hajazaliwa, na Unguja haijaujua mkarafuu. Duka lilikuwa wazi, watu wanaingia na kutoka na vitabu vyao.

Nilidhani nitakuta kitu mfano wa makumbusho, vumbi na kamba za kuwazuia watu. Sivyo. Ni duka hasa. Vyumba vinafuatana kimoja baada ya kingine, dari zake za matao, na rafu zimejaa mpaka juu. Kuna vitabu vya watoto, vya mapishi, vya sheria, vya mashairi, na kuna rafu za lugha za kigeni. Vyumba vimepewa majina ya waandishi wao wakubwa, na mwishoni kabisa pana mkahawa uliopewa jina la mshairi Fernando Pessoa. Watu wanasoma wamesimama na hakuna anayewafukuza. Mimi niliyezoea duka la mtaani ambamo mwenye duka hukuuliza, "Unanunua au unasoma?" nilisimama nikaona raha.

Lakini hili ndilo nililotaka kijana aligundue. Duka tulilosimama ndani yake silo lile la 1732. Lile la kwanza liliangamia katika tetemeko la 1755, kama maelfu ya nyumba nyingine. Akina Bertrand wakahamia upande mwingine wa mji, wakauza vitabu huko kwa miaka mingi wakingoja mji ujengwe. Mwaka 1773 ndipo waliporudi, wakafungua hapa lilipo hadi leo. Mwaka 1988, mwezi wa Agosti, moto mkubwa ukaunguza sehemu ya mtaa huu wa Chiado, na duka likasalimika. Leo si mali ya ukoo ule tena. Ni kampuni yenye matawi mengi nchini. Kwa hiyo mawe si yale, mahali si pale, na wenyewe si wale. Hata hivyo hakuna Mreno atakayekwambia kuwa hili ni duka jingine. Kazi ile ile iliendelea kupokezanwa mkono kwa mkono, na hiyo ndiyo maana ya kudumu.

Katika rafu za Kiingereza niliona tafsiri ya Os Lusíadas, utenzi wao mkubwa, kazi ya Luís de Camões, uliochapishwa mwaka 1572. Nikamwonyesha kijana. Nikamwambia, "Humu mna Mombasa, mna Kilwa, mna Malindi. Sehemu kubwa ya utenzi huu ni Vasco da Gama anamhadithia mfalme wa Malindi habari za nchi yake." Akakichukua akaanza kufunua. Nikamweleza pia kwamba katika utenzi huo Malindi ni wema na wakarimu, na Mombasa ni wadanganyifu waliotaka kuwaangamiza wageni. Mshairi ameyaona mambo kutoka merikebuni kwake, na kila mtu huona kutoka pale aliposimama.

Kijana akafunga kitabu, akaniuliza kwa Kiarabu, "Babu, na watu wa Mombasa, wao waliandika nini?"

Wasomaji wapenzi, nimesomesha miaka 30. Nimeulizwa maswali mengi na watoto, mengine ya kijinga, mengine ya kuninasa kwa makusudi. Hili lilinigusa pasipo ganzi.

Kwanza nilijibu kama mwalimu. Nikamwambia tuliandika. Watu wa Kilwa walikuwa na tarehe ya wafalme wao, na mwandishi wa hapa hapa Ureno, João de Barros, aliitumia katika kitabu chake kilichoanza kuchapishwa Lisbon mwaka 1552. Tena, miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya zamani kabisa yaliyosalia ni barua zilizoandikwa Kilwa kwa hati za Kiarabu kuanzia mwaka 1711, miaka 21 kabla ya duka hili kufunguliwa. Akauliza ziko wapi. Nikamwambia ziko Goa, India, katika nyaraka za serikali ya zamani ya Wareno.

"Kwa hivyo wao ndio waliotuwekea?" akasema.

Nikasema ndiyo. Tuliandika sisi, wakaweka wao. Ndipo kijana akauliza swali la pili, bila ubaya wowote moyoni mwake. "Na sisi nyumbani kwetu tumeweka nini?"

Tukaenda mkahawani tukakaa. Nikamwagizia chokoleti ya moto, mimi kahawa, na nikamsimulia jambo ambalo hata mama yake hakuwa amelisikia lote.

Nyumbani kwetu Unguja lilikuwapo kasha la njumu la marehemu babu yangu, mzaa baba. Ndani yake, chini ya joho lake na misahafu miwili, mlikuwa na daftari nene lenye jalada la ngozi. Babu aliandika humo kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu, tangu ujana wake mpaka macho yalipomshinda. Mlikuwa na tarehe za kuzaliwa na kufa za watu wetu, majina ya mababu hadi wa saba, nani alimuoa nani na kwa mahari gani. Mlikuwa na siku kaskazi ilipoanza na siku kusi ilipoingia, madeni ya karafuu, dawa za homa, na mashairi aliyojibizana na rafiki zake. Utotoni nilikaa naye barazani, akanisomea majina, nami nikayarudia kama tulivyorudia juzuu chuoni.

Mwaka 1977, nikiwa na miaka 18, nilipata nafasi ya kuja Oman kwa mjomba. Baba alikwisha kufariki. Usiku wa kuamkia safari mama alifungua lile kasha, akalitoa daftari, akaniambia, "Hili lichukue wewe. Wewe ndiye uliyesoma." Nilikuwa na mfuko mmoja tu. Ndani yake nilikwisha tia viatu vyangu vipya vya ngozi, suruali mbili, vyeti vya skuli na kamusi nene ya Kiingereza. Daftari halikuingia. Kitu kimoja kilikuwa lazima kitoke, kamusi au viatu. Nikamwambia mama, "Liweke tu, nitalifuata." Hakusema neno. Alilirudisha, akafunga kasha.

Viatu vile havikumaliza mwaka. Kamusi niliiazima mtu na sikuirudishiwa.

Nilirudi Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1994, mama akiwa amekwisha kufariki miaka mitatu nyuma. Paa la chumba cha uani lilikuwa likivuja masika baada ya masika, na kasha lilikuwa chini yake. Nilipolifungua nilikuta udongo wa mchwa umejaa, na njumu za shaba zimeshika kutu ya kijani. Jalada la ngozi nililikuta. Ndani yake hamkuwa na kitu cha kusomeka. Leo nakumbuka majina ya mababu wanne. Watatu waliobaki nimewasahau, na hakuna wa kuniambia.

Kijana alinyamaza. Chokoleti ilimpoa. Kisha akaniambia kwa Kiswahili, na ndiyo mara ya kwanza kumsikia akinisemesha sentensi nzima kwa lugha hiyo, "Babu, hukujua." Alitaka kunifariji. Lakini kwa haki nilimwambia kweli: mama alijua, na aliniambia, na mimi sikusikia.

Tulinunua kile kitabu cha Camões. Mwuzaji aliuliza kama tunataka kigongwe mhuri wa duka, unaoshuhudia kuwa kimenunuliwa katika duka la vitabu la zamani kuliko yote duniani. Kijana akautaka. Aliutazama wino ukikauka, na njia nzima ya kurudi alikishika kitabu mkononi hakukitia mfukoni.

Sikumuuliza mwuzaji kama ana kitabu cha Kiswahili. Si haki kumwendea muuza samaki ukamdai embe. Wao wanatunza chao, na hata chetu walikitunza. Hilo lingine ni deni letu.

Tuliporudi Maskati nilifungua sanduku la bati lililo juu ya kabati langu. Humo nimeweka barua za mama. Mama hakwenda skuli. Alisoma chuoni tu, na yote aliyoniandikia tangu 1977 hata mauti yalipomchukua aliyaandika kwa Kiswahili na hati za Kiarabu. Ni barua 31. Nilikuwa sijazifungua kwa miaka mingi, na nilipozishika niliona kwamba macho yangu hayaiwezi tena kalamu yake nyembamba. Nikamwita mjukuu wangu.

Hapa ndipo nilipogundua jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nikubali kuandika makala haya. Kijana wangu anasoma hati za Kiarabu kwa wepesi kuliko mimi, kwa kuwa ndizo za skuli yake na za kila siku. Asichokuwa nacho ni Kiswahili. Mimi ninacho Kiswahili, nisichokuwa nacho ni macho. Tulikaa pamoja, yeye akisoma sauti, mimi nikimpa maana.

Haikuwa kazi nyepesi. Waandishi wetu wengi wa zamani hawakuwa na herufi mbali ya p wala ya v. Herufi ya b ilifanya kazi ya b na p, na pengine mb. Ya f ilifanya kazi ya f na v. Sauti ya e iliandikwa kama i, na ya o kama u. Msomaji hana budi kulijua neno ndipo alisome. Basi kijana alisoma barua ya Idi ya mwaka 1979, neno kwa neno, akafika pahala akatamka, "Tumibika bilau." Akacheka. "Babu, bilau ni nini?" Sikumjibu. Nikamwacha alitafune. Akalirudia mara mbili, kisha akaruka kitini. "Pilau! Tumepika pilau!"

Akaendelea mwenyewe, pole pole, akizibadilisha herufi kichwani mwake. Mama ameandika kuwa wamepika pilau, jirani wamekuja, na sahani yangu waliiweka mkekani kama kawaida. Kijana akauliza, "Sahani ya nani?" Nikamwambia, yangu. Akaitazama ile karatasi muda, asiseme kitu, kisha akauliza, "Ya pili iko wapi?"

Tangu siku hiyo tumesoma barua 19, moja kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Yeye huziandika kwa herufi za kizungu katika daftari jipya, na mimi humsahihisha. Katika barua ya 11 tulikuta jambo ambalo nilikuwa nimelisahau kabisa. Mama amemtaja babu wa tano kwa jina, alipokuwa akinieleza chanzo cha ugomvi wa shamba. Basi sasa ninao watano.

Jamaa zangu, mimi si mtu wa kuwapa watu amri, lakini mwalimu hafi na kalamu yake. Yaliyo juu ya kabati zenu na chini ya vitanda vyenu yatazameni mwaka huu. Barua, hati za shamba, cheti cha ndoa cha bibi, kitabu cha maulidi chenye majina pembeni. Karatasi usiyoweza kuisoma usiitupe, kwani huenda yuko mtoto nyumbani awezaye kuyasoma maandishi, na mzee awezaye kuyajua maneno, na wawili hao hawajawahi kukalishwa pamoja. Mkishasoma, pigeni picha, kisha nakala moja ikae Maskati, nyingine London, nyingine Unguja, kwa kila jamaa yenye watu huko. Akina Bertrand walihama na vitabu vikauzwa kwingine, ndiyo maana kazi yao haikukatika. Kasha moja katika chumba kimoja halina usalama, hata liwe na njumu namna gani.

Na kijana anayesafiri, akipewa kitu na mama yake usiku wa kuamkia safari, atoe viatu.